Nilipanda Juu ya Chakula cha Msiba

Wiki jana niliwaacha getini, kwenye kituo cha leseni hapa Kundiawa, mji wetu wa milimani. Lori la marehemu kaka yangu lilikuwa linanguruma, na mimi nilikuwa nafuta jasho la viganja kwenye sketi. Kwa aliyekosa gazeti, nieleze kwa ufupi.

Kaka yangu Siune alikuwa dereva wa lori kubwa lenye tela. Siku moja, kwenye soko la barabarani la watu wa Moruwa, mtoto wa kike alikatiza mbele yake. Kila dereva wa barabara yetu ya milimani anajua la kufanya ukigonga mtu. Husimami. Unakanyaga mafuta mpaka kituo cha polisi, maana ukisimama, ndugu zake hawatakuuliza jina.

Siune alisimama. Alishuka, akamnyanyua yule mtoto. Wakamuua palepale. Mtoto naye hakufika hospitali.

Lori ni mali ya ukoo. Baba mdogo Kaupa, mdogo wa marehemu baba yetu, alitamka mbele ya wanaume wote: siku ya karamu ya kumaliza msiba, lori litakabidhiwa kwa mtu wa nyumba ya Siune mwenye leseni ya magari makubwa. Asipopatikana, litakwenda kwa Noki, mwanawe wa kumzaa.

Nyumba ya Siune tumebaki mimi Delma, dada yake, na wifi yangu Agata, mjane wake, na watoto wao ambao miguu yao haifiki kwenye klachi. Agata hajawahi kushika hata usukani wa baiskeli. Mimi nilifundishwa na Siune mwenyewe kwenye kokoto za mtoni, tangu nilipomaliza shule. Kwa hiyo ni mimi.

Mtihani unataka lori lenye mzigo. Nilimwomba baba mdogo apakie mchanga. Alikubali upesi mno, nami sikujiuliza kwa nini.

Noki ndiye aliyeliendesha mpaka mjini, maana yeye leseni anayo. Lilikuja limefunikwa turubai. Nililiona limejaa juu kuliko mchanga unavyojaa, lakini nikanyamaza. Mwenye shida haulizi sana.

Noki akashuka, akanirushia ufunguo.

"Dada, ukishindwa usilie sana," alisema. "Nitakuchukua uwe unanipikia safarini."

"Na nikishinda?"

"Ukishinda nitavaa sketi yako."

Baba mdogo alikuwa amekuja na wanaume wa ukoo kwa pikapu. Wote walikuwa na ndevu ndefu za msiba. Walikaa wamejiegemeza kwenye ukuta wa kituo, wakitafuna miwa, kama watu waliokuja kutazama mpira. Agata alikaa mbali nao, peke yake, mwenye udongo mweupe usoni, shanga za mjane zimemjaa shingoni.

Mtahini akatoka. Bwana ToKabai, mtu wa visiwani, kutoka pande za Rabaul. Tambuu ilikuwa imempaka meno rangi ya damu.

"Wewe ndiye yule mwanamke?"

"Ndiye mimi, bwana."

"Sijawahi kumtahini mwanamke kwenye tela."

"Na mimi sijawahi kutahiniwa."

Alitema tambuu pembeni. Sikujua kama amecheka.

"Haya. Nionyeshe kama hili gari lako ni zima. Usinieleze, nionyeshe."

Nilizunguka. Nikagonga magurudumu kwa nyundo, moja baada ya jingine, nikisikiliza. Nikakaza nati moja iliyokuwa inacheza. Nikafungua matangi ya upepo yateme maji. Nikaingia chini nikatazama mabomba ya breki. ToKabai alinifuata, akitafuna.

Nilipofika nyuma nikainua pembe ya turubai nimwonyeshe mchanga.

Haukuwa mchanga.

Vilikuwa viazi vitamu, magunia kwa magunia. Na mikungu ya ndizi, na kabichi, na marobota ya mchele. Juu ya vyote ililala miwa, imefungwa kwa kamba za magome jinsi tunavyoifunga kwa karamu tu.

Nilimwendea baba mdogo pale ukutani. Sikumkaribia sana, miguu yake ilikuwa imenyooshwa.

"Baba mdogo, huu si mchanga."

"Mchanga unaliwa?" Aliwatazama wenzake, wakacheka. "Lori limetoka siku moja, acha libebe kitu cha maana. Jumamosi ni karamu ya kaka yako. Viazi viko bondeni, nguruwe wako juu. Ulitaka tubebe migongoni?"

"Ungeniambia."

"Kukwambia ili iweje? Wewe endesha. Chakula hakikuombi ukibembeleze."

Nilirudi kwenye lori. Kwetu mwanamke hakivuki chakula. Havuki miguu ya mwanamume, wala shoka lake, wala upinde wake, na chakula ndicho kikubwa kuliko vyote. Kikivukwa, mwanamume akakila, kifua kinamkauka na nguvu zinamtoka. Nilipokuwa mtoto bibi alinichapa miguu kwa kijiti kwa kuruka kapu la viazi, na viazi vile vikaenda kwa nguruwe. Sisi huzunguka. Hata tukiwa na haraka, hata tukiwa na mzigo kichwani, tunazunguka.

ToKabai alikuwa ananingoja.

"Mzigo wako umefungwaje?"

Nilizunguka tena. Nikavuta kila kamba upande wa kushoto, nikavuta kila kamba upande wa kulia. Zote zilikuwa ngumu.

"Umefungwa vizuri, bwana."

"Na katikati?"

"Katikati pia."

"Umeonea wapi? Una macho ya ndege?" Alinyoosha kidole juu. "Panda."

Nilihisi wanaume wote wa ukutani wameacha kutafuna.

"Bwana, binamu yangu atapanda. Ataniambia hali ilivyo."

"Huyo binamu yako utakuwa naye kila safari?"

"Hapana, lakini..."

"Basi panda."

Nilimsogelea nikashusha sauti. "Bwana, ni chakula. Mimi mwanamke siwezi kupita juu yake. Hapa kwetu ni mwiko. Tafadhali."

Hakushusha yake. "Nimekaa huku milimani muda mrefu, mwiko wenu naujua. Hata kwetu ipo miiko. Lakini nikwambie kitu, mama. Nilikwenda kwenye mlima wa Daulo kuwatoa watu chini ya mzigo wa kahawa. Kamba ya katikati ilikuwa imelegea, na dereva alikuwa amevuta za pembeni tu, kama wewe. Mzigo ukihama kwenye kona hauulizi mila ya mtu. Anayebeba leseni yangu anapanda juu ya mzigo wake. Hutaki, rudi nyumbani, sina ugomvi."

Baba mdogo alikuwa amekwisha kusimama.

"Delma!"

"Bee, baba mdogo."

"Usithubutu."

"Nisipopanda nimeshindwa mtihani."

"Shindwa! Kuna aliyekufa kwa kushindwa mtihani? Hicho ni chakula cha kaka yako!"

Noki akadakia, "Dada, nenda zako ujipumzishe. Lori litabaki nyumbani, haliendi kwa jirani."

Hapo ndipo niliposhikwa na kitu. Ningesema ni hasira, lakini haikuwa na moto. Nilimtazama Agata. Nilitaka anipe ishara, hata ya kope tu. Alikuwa anatazama ardhi.

Nilifikiri: lori likienda kwa Noki, watoto wa Siune watakua wakiliona linapita. Baba yao amekufa kwa sababu yake, na vumbi lake ndilo litakalokuwa urithi wao.

Nikavua ndala. Nikakanyaga gurudumu, nikashika ubao, nikapanda.

Nilitembea juu ya turubai, viazi vinasogea chini ya nyayo zangu, miwa inalia. Nilikuwa na suruali ndani ya sketi, kana kwamba hilo lingenisaidia.

Na katikati, jamani, kamba ilikuwa imelegea. Haikulegea kidogo. Ilikuwa imelala tu juu ya mzigo kama nyoka aliyeshiba. Yeyote aliyefunga alikaza za pembeni zinazoonekana, akaiacha ile isiyoonekana. Mteremko wa kwanza ungetuangusha.

Nikapiga magoti juu ya chakula cha kaka yangu, nikaikaza kamba kwa meno na mikono.

"Imelegea?" ToKabai aliuliza kutoka chini.

"Ilikuwa imelegea."

"Sasa umeonea wapi?"

Nilipogeuka kushuka, wale wanaume walikuwa wamegeukia ukuta. Wote. Nilikuwa natazama migongo.

Tukaingia barabarani. ToKabai alikaa pembeni yangu, mkono mmoja umeshika mlango. Nilisimama katikati ya mlima na kuondoka bila kurudi nyuma hata kidogo. Nilishuka kwa gia ndogo, breki naigusa tu kama Siune alivyonifunza. Darajani nilingoja wengine wapite kwanza. Mikono yangu ilikuwa inafanya kazi yenyewe. Mimi nilikuwa bado juu ya turubai.

Tulipopita soko la mjini ToKabai akasema, "Swali. Ukimgonga mtu, unafanyaje?"

Kitabu cha leseni kinasema unasimama, unamsaidia. Kila mtu barabara hii anajua kitabu kinasema hivyo, na kila mtu anajua ukimjibu mtahini hivyo, ukitoka nje utafanya kinyume. Ni kama sala ya kitoto tu.

Lakini mdomo wangu ulikataa.

"Umesikia swali?"

"Kaka yangu alisimama," nilisema.

"Sikuuliza kaka yako."

Mbele yetu bibi mmoja alikuwa anavusha nguruwe wake. Nikapunguza mwendo, nikamwacha apite.

"Nasimama," nilisema. "Nasimama, bwana. Nashuka."

Alinitazama upande wa uso. Halafu akafungua dirisha, akatema tambuu yote, akafuta mdomo.

"Lile lori la Moruwa," alisema taratibu. "Ndilo hili?"

"Ndilo hili."

Tukaingia kituoni. Nilirudisha tela nyuma katikati ya mapipa bila kugusa hata moja. Akashuka, akaingia ofisini, akatoka na leseni yangu ya muda, wino bado mbichi.

"Nenda salama, dereva," aliniambia. Alikuwa wa kwanza kuniita hivyo tangu nizaliwe.

Sikupata hata nafasi ya kufurahi. Baba mdogo alikuwa amekaa chini, katikati ya uwanja, mikono kichwani, kama mtu aliyeletewa maiti.

"Umemzika mara ya pili," alisema.

"Kamba ilikuwa imelegea, baba mdogo. Tungekufa."

"Bora tungekufa! Jumamosi wanaume wa koo zote wanakuja. Nitawapa nini? Niwaambie kuleni, kifua kikiwakauka mtajua ni kwa nini?"

"Tutachimba viazi vingine."

"Mashamba gani? Tumekwangua mpaka mizizi! Mwanamke, hiki kilikuwa chakula chote." Akapiga ardhi. "Bila karamu msiba hauishi. Msiba usipoisha hakuna lori, hakuna kunyoa ndevu, hakuna lolote. Leseni yako hiyo kaifungie chumvi."

Noki hakucheka safari hii. Alikuwa mweupe midomo. Nadhani ndiye aliyefunga zile kamba.

Agata alinijia, akasimama karibu nami. Nilidhani atanishika mkono.

"Wifi," alisema kwa sauti ya chini, "ungeanguka tu mtihani. Ningekusamehe hilo."

Nilitaka ardhi inimeze.

Tulirudi kijijini, na wanaume wakaingia nyumba yao kuzungumza. Sisi wanawake hatuingii. Tulikaa nje, Agata upande wake na mimi upande wangu, moshi wa jikoni katikati yetu. Jua lilikuwa linaelekea kuzama baba mdogo alipotoka. Uso wake ulikuwa umebadilika. Ulikuwa umetulia, na utulivu ule ulinitisha kuliko makelele.

"Mwanangu," aliniita. Hajawahi kuniita mwanangu tangu baba afariki. "Njoo ukae."

Nikakaa.

"Watu wa Moruwa wanatudai chakula cha kichwa cha mtoto wao, fidia ya kifo chake. Tangu mavuno yaliyopita wanangoja. Si ndivyo?"

"Ndivyo. Na wao wana damu ya Siune."

"Hayo ya Siune yatakuwa na siku yake. La mtoto limetangulia. Tukiwapelekea chakula barabara inafunguka, na watu wetu wataanza kupita." Alikohoa. "Kesho watapelekewa."

"Chakula gani, baba mdogo? Si umesema..."

Aligeuka akalitazama lori, mzigo ukiwa bado chini ya turubai.

Nikaelewa.

"Nimekivuka chakula kile," nilisema.

"Wao hawakuona."

"Mji mzima umeona! Habari haina leseni, baba mdogo, inapita popote."

"Haijafika huko bado. Watu wa mjini hawaendi Moruwa, na wa Moruwa hawaji mjini kwetu. Kesho asubuhi wanakula, na kesho jioni wakisikia, wamekwisha kula. Nani atatapika kiazi cha asubuhi?"

"Wakiugua?"

"Walipomuua kaka yako waliuliza kama ataugua?"

Wanaume waliokuwa mlangoni waliguna kukubali. Nikaelewa kuwa neno lilikwisha kupita, mimi naambiwa tu.

"Nani atapeleka?" niliuliza, ingawa nilishajua.

"Mwanamume wetu akikanyaga Moruwa hatoki. Noki hawezi. Lakini mwanamke hapigwi njiani, hilo hata wao wanaliheshimu." Akanyoosha kidevu kuelekea mfuko wangu. "Na tunaye mwanamke mmoja tu mwenye leseni."

Waliocheka asubuhi, sasa walikuwa wananiangalia kama daraja.

"Peleka, ushushe, urudi," alisema baba mdogo. "Ukirudi, lori ni la nyumba ya Siune. Natamka mbele ya hawa wote. Karamu yake tutaiandaa tukipata mashamba mengine, hata kama ni mwakani. Usipopeleka, ufunguo mpe Noki sasa hivi."

Nilimtazama Agata kupitia moshi. Safari hii alinitazama na yeye.

"Nitakwenda naye," alisema.

Asubuhi tuliondoka wawili. Sitasimulia barabara, nyinyi mnaijua. Tukavuka mto wa mwisho kabla ya Moruwa. Hapo Agata akavua zile shanga zake, akaziweka mapajani, akawa anazihesabu kwa vidole kama rozari.

"Unaogopa?" nilimuuliza.

"Nani, mimi? Wameshaniua hawa. Unaogopa wewe."

Ni kweli niliogopa. Lakini siyo wao tu. Nilikuwa nauogopa mzigo nyuma yangu. Shuleni niliambiwa mambo haya ni ya wazee. Nami nilijibu hivyo kwenye mtihani wa shule, nikapewa alama. Lakini nilikuwa naendesha nikihisi kila kiazi.

Soko la Moruwa lilikuwa limefagiliwa. Pembeni mwa barabara walikuwa wamepanda majani mekundu ya amani, na wanaume wao wamesimama kimya, mistari miwili, mikono mitupu. Ndevu ndefu kama za wetu. Sikuwa nimelifikiria bado hilo, kwamba na wao wana msiba.

Nilisimamisha lori. Breki za upepo zilipofoka, mistari yote miwili ilirudi nyuma hatua moja. Hawajaisahau sauti ile.

Katekista wao alikuja mlangoni kwangu, mzee mwenye shati jeupe.

"Nani ameleta?" aliuliza.

"Ukoo wetu, mzee. Baba mdogo Kaupa anawasalimu."

"Kaupa simwoni. Nauliza, nani ameleta?"

"Nimeleta mimi."

"Shuka basi. Mleta chakula ndiye anayevunja muwa wa kwanza, akampa mfiwa kwa mkono wake. Akiuma, wote tunakula. Hukuambiwa?"

Sikuambiwa. Baba mdogo aliniambia nishushe nirudi.

Vijana wao wakafungua turubai. Wakashusha miwa, wakaniletea mmoja, mnene, wa zambarau, na kuulaza mikononi mwangu. Ulikuwa bado na alama ya matope katikati. Sijui kama ni matope ya shambani au ya unyayo wangu.

Mwanamume mmoja akatoka kwenye mstari. Si mzee, ila ndevu zilimzeesha. Alikuwa amejipaka udongo kifuani, na alitembea kama mtu anayevuka maji.

"Huyu ndiye Dage," alisema katekista. "Baba wa Yulita."

Nilikuwa sijawahi kulisikia jina la mtoto. Miezi yote hii alikuwa "mtoto wa Moruwa" tu.

Dage alisimama mbele yangu. Alilitazama lori kwanza, mlango wa dereva, kisha mimi.

"Unafanana naye," alisema.

"Ni kaka yangu. Tumbo moja."

"Alisimama." Alimeza mate. "Hakuna anayesimama. Nilikuwa napasua kuni pale, unapaona? Nikasikia breki, nikakimbia. Nikamkuta amempakata binti yangu, anakwenda naye kwenye lori. Nikadhani anakimbia naye. Sikuuliza. Mkononi nilikuwa na shoka."

Katekista alimshika bega. "Dage, hayo si ya leo."

"Ni ya leo, mzee. Niache." Akanigeukia tena. "Wazee wetu walisema tuseme ni umati, kwamba hajulikani nani. Si umati. Ni mimi peke yangu. Alikuwa anampeleka hospitali, sivyo?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Sijala muwa tangu siku ile," alisema Dage. "Sitaki kupewa na mwingine. Nipe wewe. Ukinipa wewe nitajua."

Hakusema atajua nini. Alinitazama machoni, akanyoosha mikono yote miwili, viganja juu.

Niliuvunja muwa kwa goti. Maji yake yalinitiririka mpaka kwenye viwiko, nao wanaume wa Moruwa wakavuta pumzi pamoja. Nyuma yao watoto walikuwa wameshaanza kuchungulia mikungu ya ndizi.

Mlango wa upande wa pili wa lori ulifunguka. Agata alishuka, akaja mpaka mgongoni kwangu. Alikuwa amesikia yote. Nilihisi pumzi zake sikioni, za moto, na kwa lugha ya kwetu ambayo hakuna mwingine pale angeielewa vizuri, akanong'ona neno moja.

"Mpe."

"Wifi..."

"Mpe, Delma. Ale."

Dage alikuwa anangoja, mdomo wazi kidogo, kama mtu anayekwenda kupokea komunyo.

"Dada," aliniambia, "mbona huuachii muwa? Kuna nini na chakula hiki?"